Sifuri ya Namba 117

Dada Lenzi alikuwa amehesabu mayai ya minyoo kwa miaka ishirini na sita kabla mimi sijafika katika maabara ile na shahada zangu. Nalisema hili mapema kwa sababu katika andiko letu la kisayansi, lile lililotuletea sifa, yeye aliwekwa kwenye mstari wa shukrani, mwisho kabisa, pamoja na ofisi iliyotuazima friji. Hakulalamika. Alipoona nimeingiwa na haya aliniambia, "Usijali, Daktari. Shukrani ni chakula chepesi, mtu hashibi lakini pia haumwi tumbo."

Wote pale waliniita Daktari, nami sijawahi kumtibu mtu hata kikohozi. Udaktari wangu ni wa kusoma vinasaba vya mnyoo bapa wa ini. Mara nyingi nilitaka kuwasahihisha, kisha nikaacha, na sijui hadi leo kama niliacha kwa uvivu au kwa sababu cheo hicho kilinipendeza.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya hospitali, karibu na stoo ya vitanda vilivyovunjika. Dirisha lilipakwa rangi nyeupe hadi nusu ili wapita njia wasichungulie. Kulikuwa na sinki mbili, meza ndefu iliyotobolewa na asidi, na hadubini moja ambayo hakuna aliyeigusa bila idhini yake. Kila asubuhi vikopo vya choo vilipangwa upande wa kushoto kwa namba zake. Aliisukuma sampuli kupitia wavu mwembamba, akajaza kitundu cha kipande cha plastiki, akageuzia kwenye kioo, akafunika kwa karatasi laini inayong'aa iliyolowekwa kwenye rangi ya kijani. Kisha aliinama. Jicho moja kwenye lenzi, na mkono wa kushoto ukibonyeza kihesabio kidogo cha chuma kila alipoona yai. Alichopata alizidisha kwa ishirini na nne, na hiyo ndiyo idadi ya mayai katika kila gramu. Alizidisha kichwani. Mimi nilihakikisha kwa kikokotoo, na kwa miaka yote ile sikuwahi kumkuta amekosea.

Mtaani kwake walimtania. Jirani mmoja alikataa kula alichopika mpaka amwone akinawa mikono mara mbili. "Nanawa mara kumi kwa siku," alimjibu, "wewe unayekataa mkono wangu ulinawa lini?"

Mnyoo mwenyewe ni mdogo, hapiti upana wa ukucha wa kidole gumba, na ukimweka kwenye maji safi anaonekana kama kipande cha ngozi ya nyanya. Mtu humpata kwa kula samaki wa maji baridi asiyeiva. Huingia katika mirija ya nyongo, ile inayotoka kwenye ini, na humo anaweza kukaa miaka ishirini. Mayai yake hushuka na nyongo hadi kwenye utumbo, kisha hutoka na choo. Hayana njia nyingine ya kutokea. Jambo hili nililijua kama ninavyolijua jina langu, na Dada Lenzi alilijua kunipita.

Mdogo wake wa kiume, aliyemfuata ziwa, alikuwa fundi wa pampu za maji. Yeye na wenzake watatu walifanya kazi kwenye kituo cha pampu kando ya mto, na chakula chao cha mchana kilikuwa samaki wadogo waliokwama kwenye vyujio. Waliwapitisha juu ya moto na kuwala. "Hao samaki moto wameusikia kwa jirani," dada yake alizoea kusema. Yeye alicheka tu. Alikuwa mtu wa mzaha, mnene, mwenye mikono iliyonukia grisi hata siku ya mapumziko.

Tulipotafuta minyoo kwa ajili ya jenomu, yaani kusoma vinasaba vyake vyote kwa mpangilio, tulihitaji mtu mmoja mwenye minyoo mingi. Ukichanganya minyoo ya watu wengi, herufi za vinasaba huchanganyika na kazi inakuwa ya kubahatisha. Dada Lenzi alikwenda kwenye rejista, akaweka kidole kwenye namba 117, akasema, "Huyu. Namfahamu. Nikimwambia aje, atakuja." Sheria yetu ilikuwa kwamba mpimaji asijue namba ni ya nani, na kwamba asisome sampuli ya ndugu yake. Nilijua anaivunja. Niliinyamazia kwa sababu nilimtaka mgonjwa huyo.

Alikuja, akapewa dawa, akapewa chumvi ya kuharisha, akashinda siku nzima kwenye chumba cha pembeni akiingia na kutoka chooni. Dada yake alikuwa nje na ndoo na machujio, akichambua kwa kibano.

"Dada," alisikika akisema kutoka ndani, "leo kazi zetu zimekutana. Wote mabomba."

"Nyamaza ufanye kazi."

"Wangapi mpaka sasa?"

"Mia moja na tisini."

"Wapangaji wote hao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimia."

Walifika mia mbili na kumi na wawili. Mmoja wao, mkubwa na asiye na mkwaruzo, ndiye tuliyemsoma. Herufi zaidi ya milioni mia tano zilipita kwenye kioo cha kompyuta yangu, na miaka miwili ya maisha yangu ilipita pamoja nazo. Humo tulikuta, kama wenzetu walivyokuta kwa minyoo jamaa zake, maelekezo ya kutengeneza protini inayofanana na ile ambayo mwili wa binadamu huitumia kuamrisha kidonda kijazie nyama. Mnyoo huiachia ndani ya mrija anaoutafuna. Anajeruhi na kuponya, anajeruhi na kuponya, mwaka hadi mwaka, mpaka chembe za mtu zinaendelea kuzaana hata pasipo kidonda. Kwa watu wengine mwisho wake ni saratani. Niliandika aya hiyo kwa uangalifu mkubwa, nikaisomea ukumbi uliojaa watu, nikapigiwa makofi. Sikumfikiria fundi wa pampu. Alikuwa ameshakunywa dawa, na katika hesabu zangu alikuwa amekwisha kutoka.

Kwa kweli hakuwa ametoka. Watu mia moja na arobaini walikuwa wakipimwa kila baada ya miezi sita, tuone nani anaambukizwa tena. Hapo ndipo nilipofanya jambo dogo ambalo nimelieleza kwa watu wachache sana.

Fomu ya zamani ya maabara ilikuwa na safu sita: namba, tarehe, ugumu wa choo, rangi, hesabu ya kwanza, hesabu ya pili. Programu yangu ilihitaji nne. Ugumu na rangi viliandikwa kwa maneno, kila mpimaji na maneno yake, na maneno yaliikwamisha kompyuta. Nikazifuta safu hizo mbili na kuchapisha fomu mpya.

Dada Lenzi aliigeuza ile fomu upande wa pili, kana kwamba safu zilizopotea zingekuwa huko. "Rangi tumeitoa?"

"Haitumiki kwenye hesabu."

"Sawa," alisema. "Mwenye kujua ni wewe."

Mwaka mmoja baada ya dawa, namba 117 alikuwa na mayai elfu mbili mia nne kwa gramu. Amerudia samaki. Dada yake alimfuata kituoni, akamsema mbele ya wenzake mpaka mmoja wao akajifanya kwenda kukagua mashine isiyokuwepo. Alimlisha kiapo cha kuacha. Miezi sita baadaye: mia tisa na sitini. Akatabasamu siku nzima. Miezi sita mingine: mia mbili sitini na nne. Safari iliyofuata alisoma kioo cha kwanza, akasoma cha pili, akatengeneza cha tatu ambacho utaratibu haukukidai, akakisoma pia. Kisha akaweka simu mezani, akawasha spika ili sote tusikie.

"Sifuri, mdogo wangu."

Upande wa pili palikuwa na kelele za pampu. "Unasemaje?"

"Sifuri. Sifuri kavu. Umeacha kweli."

Alikohoa. "Si nilikuambia," alisema.

"Nakuomba radhi. Nilikuwa nadhani unanipiga chenga."

Tuliinua glasi za maji ya bomba na kumpongeza yule mtu asiyetuona. Mimi niliingiza tarakimu hiyo kwenye kompyuta kwa mkono wangu, na kando yake programu ikaandika: amepona.

Miezi minne ilipita. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, mke wa fundi alisimama mlangoni pa maabara akiwa bado na aproni ya kazini kwake. Hakuingia.

"Wifi, nduguyo mimi ananishinda," alisema. "Anajikuna mpaka anatoka damu. Tumebadilisha sabuni, tumebadilisha shuka."

"Mumeo ni wako, usinirudishie," Dada Lenzi alijibu bila kuondoa jicho kwenye lenzi. "Upele?"

"Hana upele. Anajikuna tu. Na mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi."

Mkono wa kushoto uliacha kubonyeza.

"Choo chake kikoje?"

"Wifi, mbele ya watu."

"Niambie rangi."

"Cheupe. Kama majivu. Ni siku nyingi, tangu kabla ya kile kipimo chenu cha mwisho. Nilimwambia akuambie. Akasema kama kingekuwa kitu, dada angekiona."

Dada Lenzi aliinuka. Alikiweka kile kihesabio mezani polepole, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kulipuka. Nilielewa sekunde chache baada yake, na sekunde hizo nazikumbuka vizuri kwa sababu zilikuwa za mwisho za amani yangu katika jambo hili. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Choo cheupe maana yake nyongo haishuki, na nyongo isiposhuka, mayai nayo hayashuki. Hesabu yake ilikuwa imepungua kadiri mrija ulivyoziba, na sifuri ilikuja siku ulipoziba kabisa.

"Bado anakula samaki?" alimuuliza.

Mke alitazama sakafu. "Hajaacha hata wiki moja."

Mpiga picha za ultrasaundi alikuwa kijana mpole aliyependa kuzungumza na wagonjwa wake. Siku tulipomleta fundi aliteleza na kifaa chake juu ya tumbo lake, akafika chini ya mbavu za kulia, na mazungumzo yakamwisha. Alirudi mahali pale pale mara tatu. Fundi alikuwa amepungua hata mkanda wake ulikuwa na matundu mapya aliyoyatoboa kwa msumari. Macho yake yalikuwa ya manjano, rangi ambayo mtu asiye na shule yoyote angeiona toka upande wa pili wa barabara. Lakini kwa miezi minne hakuwa amepita upande wetu wa barabara. Alikuwa akimkwepa dada yake, asije akanusa samaki.

Uvimbe ulikuwa pale mirija ya nyongo inapokutana. Daktari wa upasuaji aliziangalia picha, akanitazama mimi badala ya ndugu za mgonjwa, akasema wangeweza kupitisha mrija mdogo wa plastiki ili nyongo ishuke na mwasho upungue. Zaidi ya hapo hapana. Nilimuuliza kwa faragha, je, kama angeletwa miezi minne kabla? Akasema labda. Nikamwomba aseme zaidi, akasema labda hapana. Nimeishi na labda hizo mbili tangu siku hiyo, na ninakiri kwamba kila ninapochoka huichagua ile ya pili.

Wodini alilazwa kitanda cha dirishani. Mwasho ulipopungua mzaha wake ulirudi, mwembamba kama yeye. Dada yake alikaa kwenye kiti cha chuma na mimi nikasimama, kwa kuwa sikujua kama nina haki ya kukaa.

"Uliniambia umeacha," alimwambia.

"Na wewe uliniambia nimepona."

Hakuna aliyekasirika. Walisema kama watu wanaolinganisha saa zao.

"Ulipoanza kunisifu," fundi aliendelea, "nikasema nitaacha kesho, ili sifa iwe ya kweli. Namba ikashuka tena. Nikasema, kumbe mwili wangu unawaweza hawa wadudu. Ulipopiga simu ile ya sifuri, dada, nilikuwa nimeshika samaki mkononi. Ningekuambiaje? Ulikuwa na furaha kiasi kile."

Dada Lenzi alinyoosha shuka lililokuwa limejikunja miguuni pake.

"Profesa," fundi akanigeukia, kwani yeye peke yake alinipandisha cheo kwa kejeli, "wewe umesoma kitabu chote cha mdudu wangu. Mwanzo hadi mwisho. Kimeandika nitaishi mpaka lini?"

Nilisema kwamba jenomu ya mnyoo haielezi maisha ya mtu. Nilisema kila mgonjwa ni tofauti, kwamba kuna mambo mengi ya kuzingatia, kwamba daktari wa wodi ndiye anayefaa kuulizwa. Nilijisikia nikisema maneno hayo na sikuweza kuyazuia.

"Miezi," alisema dada yake. "Si mwaka, mdogo wangu. Hata nusu mwaka sina hakika."

Fundi aligeukia dirisha. Chini uani mtu alikuwa akianika mashuka ya wodi.

"Basi yule mpangaji," alisema, "amepata makazi mengine kwenye kompyuta, na mwenye nyumba ndiye anayehama." Akacheka, na kicheko kikamuumiza, akashika ubavu. "Mwambie wifi yako aniletee ile redio. Na msiwaambie wenzangu kituoni kwamba ni samaki. Waambieni waache tu."

"Nitawaambia ni samaki," alisema dada yake.

"Haya. Waambie."

Alifariki wiki ya kumi na moja. Dada Lenzi alichukua likizo ya msiba ya siku saba, na siku ya nane vikopo vilikuwa vimepangwa upande wa kushoto kama kawaida.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kuhusu ile fomu. Nilikuwa nimeyapanga maneno, hata nikayaandika, kwa kuwa bila kuandika najificha kwa urahisi. Nilimkuta kwenye sinki akisugua nyavu. Nikasema kwamba safu ya rangi niliifuta mimi, kwa sababu ya programu, na kwamba kama ingekuwepo huenda mambo yangekuwa tofauti.

Aliendelea kusugua. "Kile kikopo nilikishika mkononi," alisema. "Choo chake kilikuwa cheupe kama udongo wa kupaka ukuta. Nikajisemea, huyu siku hizi anakunywa maziwa kupita kiasi. Nikakifunika na karatasi ya kijani, na chini ya kijani kila kitu ni kijani. Ningekuwa na mahali pa kuandika ningeandika 'nyeupe'. Na nikishaandika neno hilo ningeshtuka. Mkono wangu huwa unashtuka kabla ya kichwa."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sijasema ni lako peke yako. Usijipendelee, Daktari."

Aliufunga mfereji, akakausha mikono, kidole kimoja kimoja.

"Sifuri ziko ngapi?"

"Sifuri zipi?"

"Za watu waliokuwa na mayai, wakashuka mpaka wakafika sifuri. Kwenye hiyo kompyuta yako."

Sikuwa nimewahi kuuliza. Nilifungua orodha, nikachuja, nikahesabu mara mbili. Kumi na saba, tukimwondoa 117. Kando ya kila mmoja palikuwa pameandikwa kwamba amepona, na watu hao kumi na saba walikuwa wamo kwenye mchoro wa tatu wa andiko letu la pili, lile la matibabu, kama ushahidi wa mafanikio. Nilimwambia kwamba utaratibu unataka tuandike barua kwa kamati, na kamati itakutana mwezi ujao. Alikuwa tayari anavua koti la maabara.

"Wewe andika barua yako," alisema. "Mimi najua wanakokaa."

Sikuandika barua siku hiyo. Nilichukua mkoba na kumfuata.

Tulitembea siku tatu. Yeye alibisha hodi, akasalimu, akauliza habari za nyumbani kwa utaratibu wote, na wakati wa salamu macho yake yalikuwa yamekwisha kufanya kazi. Watu kumi na wanne walikuwa wazima kwa kadiri tulivyoweza kuona, na tuliwapa karatasi za kwenda kupigwa picha. Mmoja alikuwa amehama. Mmoja alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na mwanawe alituambia alikufa kwa ini, basi, wazee hufa kwa ini. Dada Lenzi alimwuliza rangi ya macho, na yule mwana akajibu kwa kutushangaa: manjano, ndiyo, mlijuaje?

Wa mwisho alikuwa mama mshona magodoro, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya milango ya chuma. Tulimkuta amekaa juu ya mkeka katikati ya pamba, sindano ndefu mkononi, vumbi la pamba limetulia kwenye nyusi zake. Alifurahi kutuona. Alimkumbuka Dada Lenzi kwa sababu ndiye aliyemtumia ujumbe wa habari njema.

"Karibuni, wanangu. Hamkuwa na haja ya kuja, mimi nilishapona. Nilimwonyesha hata mchungaji ule ujumbe."

Wakati akizungumza aliinua mkono akajikuna shingoni, kisha chini ya ukosi, kisha kwenye kiwiko, bila kujijua, kama mtu afukuzaye nzi. Dada Lenzi alipiga magoti kwenye pamba. Akamshika kidevu kwa vidole viwili na kumgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango.

"Angalia juu, mama. Tena juu."

Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona weupe wa jicho, na haukuwa weupe.

"Mbona unanitazama hivyo?" aliuliza mama. "Si mliniambia nimepona?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na sentensi nzuri kuhusu kipimo na mipaka yake.

"Tulikosea," Dada Lenzi alisema. "Chomeka hiyo sindano mahali usije ukaipoteza, mama, kisha uvae viatu. Tunakwenda wote."